Escudo nne, barabara moja: shajara ya kupima mafuta

Machi, mwanzo

Mradi ni huu: kupima Suzuki Escudo za miaka tofauti, zote 4x4, zote za petroli, kwa barabara zilezile za Nairobi, tujue kila moja inakunywa kiasi gani. Binamu yangu anataka kununua, ana shamba Ol Kalou na mnajua matope ya Nyandarua ikinyesha, kwa hivyo 4x4 kwake ni lazima. Shida ni kila mtu anamwambia lake. Mmoja anasema chukua mpya hazinywi, mwingine anaapa kwamba za zamani ndo zilikuwa gari, mwingine amesoma namba kwa tangazo la muuzaji na ameishika kama ahadi. Mimi nataka namba zetu wenyewe.

Magari tumepata manne bila kukodisha hata moja. La kwanza ni Escudo Nomade ya 1994, TD01W, ya mzee jirani yetu hapa Buruburu, injini ya 1.6 ya G16A, gia tano za kuingiza kwa mkono. La pili ni yangu, TD54W ya 2007, injini ya 2.0 ya J20A, otomatiki ya gia nne. La tatu ni TDA4W ya 2010 ya rafiki yangu, ile ya 2.4, nayo gia nne. La nne ni ya shemeji, YE21S ya 2016, 1.6 ya M16A, otomatiki ya gia sita, hii ndo ile ambayo Suzuki walikuwa wanaiunda Hungary na kuipeleka Japani kuuzwa huko.

Jina ni moja lakini chini ya bodi ni magari tofauti kabisa. Nomade imekaa juu ya fremu, na ukiwa lami inaendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, ya mbele unayaingiza kwa mkono wa gia ukiyahitaji. TD54W na TDA4W ni 4x4 muda wote, kuna difu ya katikati inayogawa nguvu 47 mbele na 53 nyuma, na hakuna mahali pa kuizima, hata ukiwa Uhuru Highway bampa kwa bampa magurudumu yote manne yanavutwa. YE21S ni ya mbele, ya nyuma yanaamshwa na mfumo wa ALLGRIP gari ikihisi linateleza, ama ukiweka Lock mwenyewe.

Machi, katikati

Kabla ya kupima lazima niandike hii ya namba za matangazo, juu ndo inachanganya watu wengi. Gari ya Japani inakuja na namba ya kilomita kwa lita, na watu wanaweka ya 2007 kando ya 2016 wanalinganisha. Haifai, vipimo vyenyewe si kimoja. Ya 2007 ilipimwa kwa kipimo cha Japani kinachoitwa 10-15, ambacho ni kilomita 4.16 tu kwa mashine, injini ikiwa tayari moto, na mwendo wa juu kabisa ni 70 kwa saa. Mwaka 2011 wakahamia JC08, kilomita 8.17, mwendo wa juu karibu 82, na sehemu ya hesabu inaanza na injini baridi. Kutoka 2017 wakaanza kuandika WLTC ambayo ni kali zaidi. Gari ileile ukiipitisha kwa vipimo vyote vitatu inakupa namba tatu, na kila kipimo kipya kwa kawaida kinaishusha. Kwa hivyo YE21S yenye 17.4 ya JC08 si ya kuwekwa mstari mmoja na gari ya 10-15, ukifanya hivyo unaionea.

Pia tumekubaliana kuandika lita kwa kilomita 100 kando ya kilomita kwa lita. Sababu ni hesabu. Gari ikitoka 8 ikafika 10 kwa lita, umeokoa lita 2.5 kila kilomita 100. Ikitoka 15 ikafika 17, hizo ni kilomita mbili zilezile lakini umeokoa chini ya lita moja. Mtu mwenye gari inayokunywa sana ndo anafaidika zaidi na marekebisho madogo, na hapo ndo anapaswa kuanzia.

Machi, mwisho

Namna ya kupima. Kituo kimoja cha mafuta, pampu ileile, asubuhi mapema kabla jua halijawaka, gari limesimama pale pale. Petroli ikipata joto inapanuka, kama asilimia moja kwa kila nyuzi 10, kidogo lakini kwa nini tuiachie. Tunajaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, basi, hapo hapo unatoa.

Hiyo ya kujikata ilitaka mazungumzo. Yule kijana wa pampu amezoea kila mteja, ikijikata anabonyeza tena na tena mpaka ifike namba nzima, anaangalia skrini anauliza, "Boss, tuifikishe elfu sita?" Na hayo matone ya mwisho yanaingia kwa shingo ya tenki, leo inashika lita moja zaidi, kesho inashika nusu, hesabu yako imeisha. Tukamweleza tunapima nini, akaelewa haraka kuliko nilivyotarajia, na tangu siku hiyo akituona anasema "ya kwanza tu" na anatupa risiti mwenyewe.

Kilomita tunachukua kwa GPS ya simu, odometa tunaiandika kando. Upepo wa tairi unapimwa tairi zikiwa baridi, kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva. Mabati ya juu ya kubebea mizigo yametolewa kwa gari zote.

Aprili

Hii ndo sehemu imenifunza mengi kuliko zote, naiandika polepole.

TD54W yangu mjini ilikuwa inatoa kama 6.5 kwa lita. Watu wanasema hiyo ndo Escudo, zoea. Lakini nimenunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma kwa simu, nikaanza kuangalia joto la injini. Asubuhi natoka Buruburu, Jogoo Road, mzunguko wa City Stadium, na joto halipandi. Nyuzi sitini na kitu. Nikafika Upper Hill, bado sitini na kitu. Nikaipeleka Southern Bypass ambapo inakimbia na upepo unaingia kwa redieta, ikashuka zaidi. Sindano ya dashibodi yenyewe imetulia katikati kidogo chini, huwezi shtuka.

Nikaenda Grogan kwa fundi ninayemwamini. Akafungua bomba la juu la redieta, akafungua kile kikombe, akanionyesha ndani: hakuna themostati. Mtu aliitoa zamani, pengine kabla hata nisinunue gari. Hii ni kawaida sana Nairobi, gari ikichemka mara moja fundi anatoa themostati, gari haichemki tena na kila mtu anafurahi. Lakini kazi ya ile kitu ni kufungia maji ndani ya injini mpaka ifike zaidi ya nyuzi 80, ndo ifungue. Bila hiyo maji yanazunguka kwa redieta tangu sekunde ya kwanza, injini haipati moto wake, na kompyuta ikiona injini baridi inafanya ile kazi iliyofundishwa: inaongeza petroli. Inaongeza asubuhi, inaongeza mchana, miaka nenda miaka rudi. Oili nayo inabaki nzito, kwa hivyo injini inasukuma zaidi kuzunguka yenyewe.

"Kijana, hii ni bei ya nyama kilo mbili," fundi akaniambia akinionyesha mpya. Tukaweka, tukabadilisha na kulanti, yale maji maalum ya redieta, sawasawa, maji ya bomba tukayatoa yote. Akagusa na magurudumu baada ya kuiendesha mtaani, la mbele kushoto lilikuwa moto kuliko la kulia, kalipa ya breki ilikuwa inabana. Pini zake zikasafishwa zikapakwa grisi.

Matokeo: joto linafika 80 na kitu kabla sijafika City Stadium na linakaa hapo. Mjini sasa inatoa 7 na kidogo. Ukisikia unaweza sema ni kitu kidogo, lakini piga ile hesabu ya lita kwa 100: kutoka 15.4 mpaka karibu 14. Karibu lita moja na nusu kila kilomita 100.

Baada ya hapo tukakagua zote nne kabla ya kupima lolote. Nomade ya mzee nayo haikuwa na themostati! Mzee akasema iliondolewa wakati mtoto wake wa mwisho anaingia sekondari, na huyo mtoto sa hii ana watoto. Tukaweka. TDA4W iko sawa. YE21S iko sawa.

Sasa naelewa kwa nini watu wawili wenye gari ya mwaka mmoja wanabishana mpaka wanakosana. Mmoja ana themostati.

Mei

Mvua imekuja na jam yake. Tumepima mjini, njia moja kwa wote: Buruburu, Jogoo Road, katikati ya jiji, Upper Hill, Ngong Road mpaka Karen, na kurudi jioni na watu wote wanarudi.

Nilidhani itakuwa ngazi, ya zamani chini, mpya juu. Haikuwa. Nomade ya 1994 imetoa karibu 9. Yangu ya 2007 imetoa 7 na kidogo. Ya 2.4 imetoa kitu karibu na 7, na ya 2016 imetoa 11.

Yaani gari ya 1994 inaishinda ya 2007 mjini, na si kidogo. Ukifikiria si ajabu. Nomade ni kama tani moja na kilo mia mbili, TD54W inapita tani moja na nusu, na jam ni kazi ya kusukuma uzito kutoka sifuri, ukanyage breki utupe hiyo nguvu yote kama joto, halafu uanze tena. Uzito ndo unalipa. Ongeza ile difu ya katikati, shafti na ekseli zinavutwa wakati wote, ongeza otomatiki ya gia nne ambayo ikiwa imesimama kwenye D inasukumana na breki yako. Mzee akiona jam imekaa anaweka fri, yaani anatoa gia. Suzuki walikuwa wanaunda gari salama zaidi, pana zaidi, tulivu zaidi, na uzito ukaja na hayo yote, injini ya 2.0 ikalazimika.

Halafu 2015 wakaitupa ile fremu kabisa. YE21S ni kilo 1,210, karibu sawa na Nomade, lakini ina gia sita na inavuta magurudumu mawili mpaka ihitaji manne. Shafti ya kwenda nyuma bado inazunguka, haijaondolewa, ila haibebi mzigo.

Pia nimeangalia kwa kile kidude gari yangu ikiwa imesimama inawaka: karibu lita moja kwa saa, AC ikiwa juu inapita hapo. Saa moja ya kukaa mzunguko wa Bunyala na lita imeenda bila hata mita moja.

Juni

Safari. Nairobi mpaka Nakuru na kurudi, njia ya juu ya Limuru, siku ileile kwenda na kurudi. Nakuru na Nairobi ziko karibu urefu mmoja, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo ule mlima wa Limuru unaupanda ukienda na unaupanda ukirudi, hakuna gari inayopata mteremko wa bure. Mwendo ni 90 mpaka 100 palipo wazi, hakuna mashindano na matatu.

Hesabu ya yangu nzima niiandike hapa mwone: kilomita 322 kwa GPS, lita 31.9 kwa risiti, 322 gawanya kwa 31.9 ni 10.1. Nomade imetoa kama 11, lakini mzee aliiendesha 80 na haikuwa na haja ya kukimbizwa, kwa 100 injini inalia na kila mtu ndani anapiga kelele kusikika. Ya 2.4 imetoa 10, sawa na yangu ya 2.0. Watu wengi wanaogopa 2.4 kwa sababu ya ukubwa wa injini, lakini mlimani ilikuwa inapanda kwa gia ya tatu imetulia wakati yangu inashuka mpaka ya pili na kupandisha mizunguko. Mwili ni mmoja, giaboksi ni ya gia nne kwa zote mbili, na hewa ya juu ni nyepesi, hapa Nairobi tu injini isiyo na tabo imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake ya pwani. 2.0 inabanwa zaidi. Mimi sioni sababu ya kuichagua 2.0 kuliko 2.4 kwa ajili ya mafuta.

YE21S: karibu 15. Kwa 100 sindano ya mizunguko iko elfu mbili na kitu, yangu iko karibu elfu tatu. Shemeji alikuwa anaamini ile namba ya dashibodi, ambayo ilikuwa inaonyesha karibu 16. Tenki ndo inasema ukweli, dashibodi inapenda kumfurahisha mwenye gari.

Juni, mwisho

Kitu kimoja cha 2.4. Mwenyewe alikuwa analalamika kwamba tangu aweke tairi za matope inakunywa sana. Alitoa 225/70R16 akaweka 245/70R16. Piga hesabu ya kipenyo, milimita 721 imekuwa 749, karibu asilimia 4 zaidi. Kila mzunguko gari inaenda mbali zaidi lakini odometa haijui, ikisema 300 umeenda 312. Kwa hivyo sehemu ya ule ulaji aliokuwa anaulalamikia haukuwepo, ni odometa inamnyima kilomita. Sehemu nyingine ni ya kweli, tairi ni nzito na meno yake yanakula lami. Ndo maana tulishikilia GPS.

Julai

Tarehe 14 Julai 2025 EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta Kenya, walitangaza, Super Nairobi ikapanda shilingi 8.99, ikawa 186.31. Ilikuwa haijafika ile 217.36 ya 2023, lakini iliuma. Tenki ya TD54W ni lita 66, kuijaza kutoka sifuri kwa bei hiyo ni kama 12,300. Ya YE21S ni lita 47, kama 8,750, na kwa safari zinafika karibu umbali ule ule.

Kwa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi mjini, tofauti ya 7 na 11 kwa lita, kwa bei hiyo, ni karibu shilingi 9,700 kila mwezi. Binamu alinyamaza kidogo akiiona hiyo, kisha akauliza, "Na matope?"

Swali zuri, na hapa sitaki kumdanganya. YE21S haina gia ya chini, ile 4L ambayo Nomade, yangu na ya 2.4 zinayo. Iko sentimita moja na nusu chini pia, 185 kwa 200. Tukaipeleka Ol Kalou wikendi ileile mvua ilikuwa imenyesha usiku, ikiwa kwa Lock, na ikafika mpaka kwa zizi. Kuna mahali tumbo liligusa. Kwa njia yake hiyo nasema inatosha, lakini kama angekuwa anavuta trela ya maziwa kutoka bondeni ningemwambia achukue 2.4 na alipe mafuta.

Agosti

Kuagiza kutoka Japani ina kizuizi, sheria ya Kenya kwamba gari lisizidi miaka minane ilimaanisha mwaka 2025 ni gari ya kuanzia 2018. Na hapo Escudo nyingi utakazokuta ni YEA1S, ya 1.4 ya tabo, K14C. Kwa karatasi hiyo ina 16.8 ya JC08 na ile 1.6 ina 17.4, kipimo kimoja, mfumo mmoja wa 4x4, kwa hivyo hapa kulinganisha ni halali na mpya iko chini. Lakini JC08 haipimwi Limuru. Tabo inasukuma hewa ndani yenyewe, hewa nyepesi haiisumbui sana, na nina hamu kubwa ya kuona mlimani itafanyaje. Natafuta mwenye nayo anipe siku moja, mafuta ni juu yangu.

Binamu ameamua 1.6 iliyo hapa nchini tayari. Jumamosi tunaenda kuona moja ya 2016 iko Ngong Road. Nabeba geji ya upepo na kile kidude cha kusoma, na nimempigia muuzaji simu nikamwomba asiiwashe kabla hatujafika, nataka kuiona ikianza baridi, nihesabu inachukua dakika ngapi kufika nyuzi 80.